Sindano, Wembe na Amri: Historia ya Afya ya Jamii Kianjai na Umeru

Kianjai ni mji mdogo wa soko katika Tigania Magharibi, Kaunti ya Meru, kando ya barabara itokayo mjini Meru kwenda Maua, mahali ambapo miteremko ya milima ya Nyambene inakoma na nchi kuanza kushuka kuelekea nyanda kame za Isiolo. Watu wake ni Watigania, tawi mojawapo la Wameru, na mahali walipokaa ndipo palipoamua kwa kiasi kikubwa maradhi waliyoyajua. Mawingu yatokayo Bahari ya Hindi humwaga maji mengi upande wa kusini na mashariki wa Nyambene, na yafikapo upande huu huwa yamepungukiwa, kwa hiyo mkulima wa Kianjai huzingoja mvua za Machi na za Oktoba kwa wasiwasi ambao jirani yake wa Igembe, mwenye chai na miraa mlimani, haujui sana. Juu kuna baridi, na baridi huleta kikohozi na kichomi. Chini kuna joto na mbu, na mbu huleta homa. Katikati kuna upungufu wa maji safi, ambao kwa watoto huzaa kuhara na minyoo.

Afya ya jamii, yaani hatua zinazochukuliwa na wengi kwa pamoja ili kuzuia maradhi, tofauti na tiba anayopewa mgonjwa mmoja, huandikiwa historia yake kama orodha ya hospitali zilizofunguliwa na madaktari waliozifungua. Orodha hiyo si ya uongo, lakini inaficha jambo lililo kubwa kuliko majengo, nalo ni swali la neno la nani lilisikilizwa juu ya mwili wa nani. Katika ukanda huu wa Tigania swali hilo lilijibiwa mara nyingi, na mara nyingine lilijibiwa vibaya, na makosa hayo yanafundisha zaidi kuliko mafanikio.

Kabla ya utawala wa Waingereza, afya ya Mmeru ilikuwa sehemu ya utaratibu wa marika. Mtu aliyeugua bila sababu ya wazi alichukuliwa kuwa huenda ameingia katika mugiro, yaani hali ya unajisi iliyotokana na kuvunja mwiko, ama yeye mwenyewe ama jamaa yake, na alipelekwa kwa muga, mganga ambaye kazi yake ilikuwa kutafuta mwiko uliovunjwa na kuuondoa kwa kafara, pamoja na kutumia mitishamba. Ni rahisi kwa msomaji wa leo kuucheka utaratibu huo, lakini ulikuwa na faida moja ambayo zahanati nyingi hazikuipata upesi: uliwakusanya jamaa wote wa mgonjwa na kuwalazimisha wapatane. Juu ya mambo ya wanaume na ya nchi lilikaa baraza kuu la wazee, Njuri Ncheke, ambalo nyumba yake ipo Nchiru, kwenye barabara hiyohiyo, mwendo mfupi kutoka Kianjai. Juu ya mambo ya wanawake lilikaa baraza jingine, kiama gia ntonye, ambalo mtu akilitafsiri jina lake huweza kusema ni baraza la kuingia, kwa sababu mwanamke aliingia humo kwa hatua, kufuatana na tohara, ndoa na uzazi. Hilo la pili halikuwa na jengo wala karani, na huenda ndiyo sababu maofisa waliokuja baadaye hawakuliona.

Sheria moja ya baraza la wanawake inafaa kukumbukwa, kwa kuwa mengi yaliyofuata yaliigonga. Chumba cha uzazi kilikuwa cha wanawake waliokwisha kuzaa. Msichana hakuingia, mwanamume hakuingia, na hata mwanamke aliyeolewa lakini hajapata mtoto alikaa nje. Ujuzi wa ukunga ulipitishwa kutoka kwa aliyezaa hadi kwa aliyezaa, na heshima ya mkunga ilitokana na umri wake na watoto wake kabla ya kutokana na ufundi wa mikono yake.

Utawala wa Waingereza ulifika Meru mwaka 1908, E. B. Horne alipojenga boma, na kwa miaka michache ya mwanzo haukugusa sana afya ya mtu wa Tigania. Kilichomgusa kwanza kilikuwa ni vita. Mwaka 1917 serikali ilikusanya wanaume kwa nguvu kutoka wilaya nyingi za Kenya ili wabebe mizigo ya jeshi lililopigana na Wajerumani katika nchi ambayo baadaye iliitwa Tanganyika, katika kikosi cha wapagazi ambacho jina lake la Kiingereza liligeuka Kariakoo katika vinywa vya watu na kubaki kuwa jina la mitaa ya Dar es Salaam na Nairobi. Wapagazi zaidi ya 40,000 walikufa, na wengi wao hawakuuawa na risasi bali na kuhara damu, malaria, kichomi na njaa. Waliorudi walikuwa wameona hema za wagonjwa, wamemeza kwinini, na wamejifunza kwamba serikali inayoweza kuua watu kwa uzembe inaweza pia kuwatibu. Elimu hiyo ya mashaka ilitangulia zahanati.

Baada ya vita zikaja tiba zenyewe. Dkt. Clive Irvine wa misheni ya Waskoti alianza kazi Chogoria, kusini mwa nchi ya Wameru, mwaka 1922. Wamethodisti, waliokuwa na kituo Kaaga karibu na mji wa Meru, walianzisha hospitali ya Maua mwishoni mwa miaka ya 1920. Na wamisionari Wakatoliki wa Consolata walijenga misheni zao, ikiwemo ya Tigania, ambako baadaye palikuwa na hospitali. Mtu wa Kianjai alijikuta katikati, Maua upande mmoja na Meru upande mwingine, na zote mbili zilikuwa mbali kwa aliyebebwa kwenye machela.

Lililowavuta watu kwenye hospitali hizo halikuwa mahubiri wala upasuaji, bali ni sindano ya buba. Buba ni ugonjwa unaosababishwa na bakteria wa jamii moja na wale wa kaswende, lakini hauambukizwi kwa ngono. Huenea kwa kugusana ngozi, hasa miongoni mwa watoto wanaocheza na kulala pamoja penye joto na maji haba. Huanza na kidonda kimoja, kwa kawaida mguuni, kisha mwili mzima hutoka vidonda vilivyovimba na kutoa majimaji ambayo nzi huyakimbilia, na usipotibiwa huingia mifupani, ukapinda miundi, ukapasua nyayo hata mtu akatembea kwa visigino, na pengine ukala pua. Katika miteremko ya Mlima Kenya ulikuwa umeenea sana. Dawa za wakati huo, zenye aseniki au bismathi, zilikuwa kali na hazikukosa madhara, na sindano moja mara nyingi haikutosha kuumaliza ugonjwa. Lakini baada ya siku chache vidonda vilikauka na kuanguka magamba, na mtoto aliyekuwa akifukuzwa na wenzake alirudi mchezoni. Jambo hilo halikuhitaji kuelezwa. Mama alilishika kwa mkono wake alipokuwa akimwogesha mtoto.

Katika miaka ya 1920 sindano ikawa ndiyo sura ya udaktari katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, na madaktari wakaanza kulalamika kwamba kila mgonjwa, hata wa jino, anadai achomwe. Lalamiko hilo lilikuwa la haki, ingawa walilolalamikia lilikuwa tunda la kazi yao wenyewe. Yafaa kuona kwamba sindano ya buba haikuvunja utaratibu wowote: mwanamke hakuvuliwa heshima yake, mzee hakunyang'anywa neno lake, mganga hakuitwa mwongo, na aliyechomwa alikuja kwa hiari akalipa kidogo au bure. Penisilini ilipoenea baada ya Vita vya Pili vya Dunia na buba ikaanza kutoweka, ilikuta njia imekwisha kusafishwa.

Amri za usafi hazikupata bahati hiyo. Sheria ya Afya ya Umma ya mwaka 1921 iliipa serikali uwezo wa kukagua makazi, masoko na visima, na tangu katikati ya miaka ya 1920 Mabaraza ya Wenyeji, yaani vyombo vya wilaya vilivyokusanya kodi ndogo chini ya uenyekiti wa mkuu wa wilaya, yalianza kulipia zahanati na kutoa kanuni ndogondogo. Kanuni maarufu kuliko zote ilikuwa ya choo cha shimo. Chifu alitangaza, askari wake akapita, na nyuma yake akaja mkaguzi ambaye hadi leo vijijini huitwa Bwana Afya. Katika sehemu nyingi za Kenya choo kilichochimbwa kwa amri kilikuwa choo cha ukaguzi tu, kwa sababu walioiandika kanuni hawakuuliza nani atatumia shimo moja na nani: katika jamii kadhaa ilikuwa aibu kubwa mkwe wa kike kuonekana akiingia mahali anapoingia baba mkwe wake. Nyumba iliyokuwa na vizazi vitatu ilihitaji mashimo mawili, na amri ilitambua moja. Nalo shimo bila maji ya kunawa huzuia sehemu tu ya kuhara. Na maji ya Kianjai yalibebwa mgongoni na wanawake, kwa kibuyu na mtungi kwanza, kisha kwa debe, na baadaye kwa mtungi wa plastiki wa lita 20, ambao ukijaa huwa na uzito wa kilo 20 na kidogo, uliofungwa kwa kamba inayopita kipajini. Mtu anayejua uzito huo haulizi kwa nini mikono haikunawiwa.

Mgongano mkubwa zaidi ulikuja kwenye uzazi. Kuanzia miaka ya 1930 misheni na serikali zilitaka wanawake wa Meru wajifungulie hospitalini, na ili kupata wahudumu zikawafundisha ukunga wasichana waliosoma, kwa kuwa hao ndio waliojua kuandika na kusoma kipimajoto. Mwanahistoria Lynn Thomas, ambaye kitabu chake cha mwaka 2003 kuhusu siasa za uzazi nchini Kenya kimejengwa juu ya ushahidi wa Meru, ameonyesha jinsi hatua hiyo ilivyopindua utaratibu wa umri: binti ambaye hajaolewa, pengine hajatahiriwa, alisimama mbele ya mwanamke mwenye watoto watano akamwamuru ajilaze na asukume. Kwa daktari lilikuwa suala la usafi wa mikono. Kwa mzazi lilikuwa suala la nani anaruhusiwa kumwona katika hali hiyo. Wote wawili walikuwa na haki, na hapo ndipo penye uzito wa kisa hiki, kwa sababu pepopunda ya kitovu, inayoingia kwa kisu kichafu, haitazami umri wa mkunga. Wodi za uzazi zilijaa taratibu, baada ya wasichana wale wenyewe kuolewa, kuzaa na kurudi kazini wakiwa wamestahili kwa pande zote mbili.

Habari ya tohara ya wasichana, ambayo leo huitwa ukeketaji, haiwezi kutenganishwa na hayo. Kwa Wameru wa zamani msichana alitahiriwa akiwa mkubwa, karibu na ndoa, na mimba iliyoingia kabla ya tohara haikukubalika. Ilitolewa na watu maalumu wa kazi hiyo, kwa njia za hatari. Katikati ya miaka ya 1920 mabaraza ya Embu na Meru yalipitisha maazimio ya kupunguza ukali wa ukataji, na mwaka 1929 misheni ya Waskoti ilipowataka waumini waikane tohara kwa kiapo, kanisa la Chogoria lilipoteza sehemu kubwa ya watu wake. Maofisa wa wilaya, kwa upande wao, waliangalia hesabu ya watu. Waliona utoaji mimba unapunguza watoto, wakahitimisha kwamba dawa yake ni kuwatahiri wasichana mapema zaidi, kabla ya kubalehe. Kwa hiyo katika miaka ya 1930 serikali ileile ambayo baadaye ingepiga vita ukeketaji ilihimiza wasichana wadogo wakatwe, na ilifanya hivyo kwa jina la afya ya watu.

Mmoja wa maofisa waliofanya kazi Meru katika miaka hiyo alikuwa H. E. Lambert, ambaye msomaji wa Kiswahili humjua zaidi kwa tafiti zake za lahaja za pwani, Kivumba na Chijomvu. Lambert aliisikiliza Meru kwa makini kama alivyozisikiliza lahaja, na ndiye aliyeshughulika kuirudishia Njuri Ncheke heshima na kuifanya chombo cha utawala. Lakini aliyemsikiliza alikuwa mzee mwanamume. Kiama gia ntonye hakikupata Lambert wake, na gharama ya pengo hilo ilionekana miaka ishirini baadaye.

Mwezi Aprili 1956, katikati ya Hali ya Hatari iliyotangazwa kwa sababu ya vita vya Mau Mau, Njuri Ncheke ilipiga marufuku tohara ya wasichana katika Meru yote. Uamuzi ulikuwa wa sauti moja, na sauti hiyo ilikuwa ya wanaume watupu. Jibu lilikuja haraka kutoka mahali ambapo hakuna aliyelitazamia. Wasichana, baadhi yao wadogo kuliko umri uliozoeleka, walinunua nyembe madukani, wakaenda vichakani makundi kwa makundi na kukatana wenyewe kwa wenyewe. Waliitwa Ngaitana, neno la Kimeru lenye maana ya "nitajitahiri mwenyewe". Yalikosekana mambo yote yaliyoifanya tohara kuwa daraja la maisha: ngariba, karamu, zawadi, nyimbo, na mafunzo ya wanawake wazee. Kilichobaki kilikuwa wembe wa dukani, uleule wa kunyolea ndevu, ukipita kutoka mkono hadi mkono. Katika muda wa miaka mitatu hivi zaidi ya watu 2,400, wasichana, wanawake na wanaume, walifikishwa mbele ya Mahakama za Kiafrika kwa kuvunja marufuku hayo, na faini zikawaangukia kina baba, ambao wengine walikuwa wamewekwa kizuizini.

Si sahihi kuwaona Ngaitana kuwa mashujaa wa mila tu, wala kuwa watoto waliopotoshwa. Walichokuwa wakidai kilikuwa nafasi katika utaratibu ambao haukuwapa njia nyingine ya kuwa wanawake. Na walichojifanyia kiliwaachia kutoka damu, vidonda vilivyooza, na makovu magumu yasiyotanuka wakati wa kuzaa. Marufuku yaliyotolewa ili kuwakinga yaliwafanya wakatwe na watoto wenzao badala ya watu wazima. Kama hatua ya afya ya jamii, yalishindwa.

Tohara ya wavulana inatoa mfano wa kulinganisha. Katika sehemu nyingi za Meru kazi ya kisu ilihama polepole kutoka kwa ngariba hadi kwenye hospitali na zahanati, bila marufuku na bila kesi, huku siku za kukaa faraghani, mlezi wa kijana na mafunzo yake vikiendelea kama zamani. Kilichobadilishwa kilikuwa chombo na mahali; kilichoheshimiwa kilikuwa maana. Kwa wasichana njia hiyo haikuwezekana, kwa kuwa kukata kwenyewe ndilo dhara, hospitalini au kichakani, na ilibidi maana itafutiwe chombo kisicho kisu. Chombo hicho kilijaribiwa mwaka 1996, nchi ya Tharaka, jirani na Meru, ambako shirika la Maendeleo ya Wanawake lilisaidia familia zilizokubali kuwapitisha binti zao katika Ntanira na Mugambo, yaani tohara kwa maneno: wiki ya kukaa ndani, mafunzo kutoka kwa wanawake wakubwa, kisha sherehe ya hadharani yenye zawadi, bila wembe. Sheria za mwaka 2001 na 2011 dhidi ya ukeketaji zilikuja nyuma ya kazi hiyo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 1998 ulikuta asilimia 38 ya wanawake wa Kenya wa umri wa kuzaa wamekeketwa; ule wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 15.

Baada ya uhuru mambo mengi yalikwenda kwa kasi na yanaweza kuelezwa kwa ufupi. Serikali iliondoa ada kwa wagonjwa wa nje mwaka 1965, ikairudisha mwaka 1989 chini ya jina la kuchangia gharama, na wanaokumbuka miaka hiyo miwili hukumbuka tofauti yake mfukoni. Wananchi walichanga kwa harambee wakajenga zahanati ambazo serikali ilitarajiwa izipatie wauguzi na dawa, na kuta zilitangulia dawa mara nyingi. Huduma ya uzazi wa mpango, ambayo Kenya iliianza kitaifa mwaka 1967, ilisonga kwa shida mahali pengi, lakini Chogoria ilifanikiwa mapema kuliko sehemu nyingi za nchi, na sababu yake inajulikana: hospitali iliwapa watu wa vijijini wenyewe kazi ya kupeleka vifaa na ushauri nyumba kwa nyumba. Mwaka 2013 afya ilikabidhiwa serikali za kaunti, na mwaka huohuo ada ya kujifungua katika hospitali za umma ikafutwa. Mwaka 2023 Kenya ilizindua kikosi cha wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, kila mmoja akiwa na mkoba wenye kipimo cha shinikizo la damu na cha sukari, maradhi ambayo mkaguzi wa vyoo wa zamani hakuyafikiria. Mhudumu huyo huingia boma la jirani yake kwa salamu, na humjua mama mkwe wa nyumba hiyo kwa jina.

Kumbukumbu za mahakama za miaka ya 1956 hadi 1959 zimehifadhi mashtaka na faini, na maazimio ya wazee yameandikwa. Upande wa tatu umo vichwani mwa wanawake. Msichana wa Tigania aliyekuwa na miaka 14 marufuku yalipotangazwa alizaliwa mwaka 1942, na aliye hai leo ni bibi aliyevuka miaka 80. Vyuo vya Meru, kikiwemo Chuo Kikuu cha Meru kilichopo Nchiru penyewe, na vijana wenye bibi zao Kianjai, Mbeu na Akithii, waende wakawasikilize na kuandika wanayosema, kwa idhini yao na kwa Kimeru chao, sasa na si baadaye.